Saa ya Kurudi Hupangwa Bondeni

Anayepanga kwenda na kurudi kwa siku moja kwenye pito la Hausburg, Mlima Kenya, huanza na maswali yenye majibu. Pito hilo liko mita 4,591 juu ya usawa wa bahari, magharibi ya kilele cha Batian, na wengi huliendea kutoka kambi ya Mackinder iliyo kwenye bonde la Teleki, kwenye mita 4,200 hivi. Mita mia nne zikiandikwa karatasini ni kitu kidogo. Mguuni ni mawe yaliyolegea, kokoto zinazokurudisha nusu ya kila hatua uliyopiga, na kifua kinachotafuta hewa. Tuondoke saa ngapi? Tubebe maji kiasi gani? Nani ana mwendo wa taratibu kuliko wote, maana huyo ndiye atakayetupimia safari? Hayo mzoefu wa milima atakujibu huku anakunywa chai. Swali moja hubaki, nalo si la mwongoza wageni wala la mtabiri wa hali ya hewa. Jana usiku tulikubaliana kwamba ikifika saa nne na nusu asubuhi, popote tutakapokuwa, tutageuka. Saa nne na nusu imetukuta hatua mia mbili chini ya pito, anga halijafunga, na kila mmoja anataka kuendelea. Nani ana haki ya kuamua: yule aliyekaa jana kambini, au huyu aliyesimama hapa leo?

Jibu nitakalolitetea ni kwamba haki ni ya yule wa jana. Najua linawakwaza watu wa aina mbili ambao kwa kawaida hawapatani. Wa kwanza ni mcha Mungu anayeona kwamba kujifunga kwa saa na karatasi ni kumpokonya Muumba kazi yake. Wa pili ni yule anayejivunia uhuru wa akili, asemaye kwamba aliyepo ndiye anayeona, na aliyekuwa bondeni jana hakuona chochote. Wote wana hoja. Ya huyu wa pili ni nzito zaidi, na nitaifikia.

Lakini mlima kwanza, kwa sababu maadili ya safari yasiyoujua mlima huwa ni mahubiri tu. Mlima Kenya una desturi yake ya kila siku. Alfajiri vilele huwa wazi. Jua likishapasha misitu na nyika za chini, mvuke hupanda mabondeni, na adhuhuri mara nyingi hukuta wingu limeshafunika mapito na vilele. Hata katika miezi ya ukavu, Januari na Februari au kati ya Julai na Septemba, mpangaji mwenye busara hulihesabu wingu la mchana kuwa mgeni aliyekwishaalikwa. Ikweta yenyewe inapita kwenye miteremko ya mlima huo, kwa hiyo mchana una saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima, na jua likizama hakuna utusiutusi mrefu wa kukufikisha kambini. Usiku maji yaliyokusanyika kati ya majani ya lobelia kubwa huganda juu, na anayepita mapema anaweza kuigonga barafu hiyo kwa kidole. Kuhusu mwendo, wapandaji wengi hutumia hesabu iliyotolewa mwaka 1892 na William Naismith wa Uskoti: saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja zaidi kwa kila futi elfu mbili za kupanda, yaani takriban kilomita tano na mita mia sita. Ni hesabu nzuri, ila ilitungwa katika nchi ambayo mlima wake mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1,345. Kwa hesabu hiyo mita mia nne za Hausburg zinahitaji dakika arobaini, ukiacha muda wa umbali. Mwenye kuiamini atakuwa amechelewa kabla hajafunga kamba za viatu, kwa sababu katika mwinuko ule kila pumzi huleta oksijeni pungufu kidogo ya tatu kwa tano ya ile anayoivuta mtu wa Mombasa.

Hapo ndipo fiziolojia inapogusa falsafa. Oksijeni ikipungua, hainyimwi miguu peke yake. Ubongo nao hunyimwa: hesabu ndogo huchukua muda, zipu ya koti huwa fumbo, mtu hukasirika kwa jambo lisilo na uzito au hufurahi pasipo sababu. Baya zaidi ni kwamba kinachodhoofika ndicho hicho hicho ambacho kingemwambia kwamba amedhoofika. Mizani iliyoharibika haiwezi kujipima. Sisemi kwamba kila anayefika mita 4,500 amerukwa na akili. Aliyelala siku kadhaa mlimani na mwili wake ukazoea anaweza kufikiri vizuri tu. Ndiyo maana siitegemei hoja ya hewa peke yake. Iko nguvu nyingine inayofanya kazi hata kwenye vilima vya Usambara ambako hewa ni tele, nayo ni ukaribu. Kitu kinachotamaniwa huongezeka thamani kadiri kinavyokaribia, na jasho lililokwisha kumwagika hudai fidia. Yule wa jana alikuwa na njaa ya kawaida, miguu yenye nguvu, na hakuwa na chochote cha kufidia. Alijua machache kuhusu siku ya leo, lakini alijua jambo moja ambalo wa leo amelisahau: kwamba wa leo atatamani.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitolewa kwenye mlima mrefu kuliko yote duniani, Mei 1996. Mwanzoni mwa mwezi huo Göran Kropp, Msweden aliyesafiri kwa baiskeli kutoka kwao mpaka Nepal ili aupande Everest, aligeuka zikiwa zimesalia mita mia moja hivi tu kufika kileleni, kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda mno. Rob Hall, kiongozi wa msafara mmoja wa kibiashara na mtu aliyekwisha kukanyaga kilele hicho zaidi ya mara moja, alimsifu kijana huyo kwa uamuzi wake. Siku chache baadaye, tarehe 10, kundi la Hall lilikuwa na kanuni yake ya kugeuka saa saba, au kwa kuchelewa kabisa saa nane mchana. Saa kumi jioni ilipita Hall akiwa bado huko juu na mteja wake Doug Hansen, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amerudishwa kabla ya kufika. Dhoruba ikaja. Watu wanane walikufa siku ile na iliyofuata pande zote mbili za mlima, Hall na Hansen wakiwamo. Kropp alirudi tena na kufika kileleni tarehe 23 ya mwezi huo huo.

Wasimuliaji wengi huishia kwenye kulinganisha busara na ujinga, na hapo wanakosea. Hall hakuwa mjinga. Kanuni aliijua, na alikuwa ametoka kuisifu kwa mwenzake. Inavyoelekea, kilichompinda ni huruma kwa mtu aliyekuwa ameahirishiwa ndoto mwaka mzima, na huruma ni fadhila. Hili linanishawishi kuliko takwimu yoyote. Tungekuwa tunapotoshwa huko juu na kiburi na uchoyo peke yake, mtu mwema asingehitaji kupanga saa ya kurudi. Wema wake ungemtosha. Lakini upole, uaminifu kwa mwenzi, hata shukrani kwa wapagazi waliojitaabisha, vyote vinaweza kusema kwa sauti moja: tuongeze nusu saa. Saa iliyopangwa bondeni ni kinga ya mtu mwema dhidi ya wema wake mwenyewe.

Sasa mcha Mungu. Hoja yake husikika misikitini, makanisani na kwenye basi: maisha yamo mikononi mwa Mungu, mpango wa binadamu ni kelele, na anayehesabu sana saa na mawingu ameonyesha kwamba imani yake ni haba. Kwa kawaida hujibiwa kwa Hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, akaelekezwa amfunge kisha ategemee. Hadithi hiyo hutajwa mara nyingi mpaka wasikilizaji wameizoea, na wengi huitumia kufunga mazungumzo badala ya kuyafungua. Haituambii tufunge nini na tuache nini. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitafuna jambo hili kwa undani zaidi katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din. Aliziweka sababu katika daraja tatu: zile za yakini, zile zenye uwezekano mkubwa, na zile za kudhania tu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula akakataa kunyoosha mkono, akingoja Mungu ampelekee mdomoni, huyo kwa Ghazali hana tawakali, ana wazimu. Anayekimbilia sababu za kubahatisha ndiye anayejitoa kwenye tawakali. Hata aliporuhusu mtu kuingia jangwani bila masurufu, alimwekea masharti: awe ameizoeza nafsi yake kustahimili njaa karibu wiki nzima, na aweze kuishi kwa majani. Tazama ruhusa hiyo inavyodai. Anayeruhusiwa kwenda bila maandalizi ni yule aliyejiandaa kwa miaka.

Mgawanyo huo unamfaa mpangaji wa Hausburg kuliko mahubiri mengi. Koti la mvua, tochi ya kichwani yenye betri mpya, chakula cha ziada, na saa ya kugeuka ni sababu za daraja la kwanza na la pili. Kuziacha si ucha Mungu. Kubeba vifaa kumi vya kujipa moyo, au kufungua simu mara ishirini kutazama utabiri uleule ukitumaini umebadilika, ni daraja la tatu, na hapo mcha Mungu ana haki ya kutikisa kichwa. Upande wa Wakristo, Injili ya Mathayo inasimulia jaribu lililotokea mahali pa juu: Yesu aliwekwa kwenye mnara wa hekalu akaambiwa ajitupe, kwa kuwa malaika wameahidiwa kumpokea. Alikataa kwa hoja kwamba Mungu hajaribiwi. Mshawishi hapo ndiye anayenukuu Maandiko kuhusu ulinzi wa Mungu. Anayepita saa yake ya kugeuka huku akisema Mungu atatulinda hana budi kujiuliza anafuata upande gani wa mazungumzo yale.

Lipo jambo la ndani zaidi. Sura ya Al-Kahf katika Kurani inamkataza mtu kusema kwamba kesho atafanya jambo fulani pasipo kuliambatanisha na mapenzi ya Mungu, na Waraka wa Yakobo unawakemea kwa sababu hiyo hiyo wafanyabiashara wanaotangaza safari na faida zao za mwaka mzima. Vyote viwili havikatazi kupanga. Vinadai kwamba mpango uwe na nafasi ya Mungu kutopenda. Basi tujiulize nafasi hiyo iko wapi katika mipango yetu. Mtu akisema inshallah tutafika Hausburg kesho, kisha hana saa ya kurudi, hana njia ya pili, hakumwachia yeyote habari, hiyo inshallah yake imekaa ulimini tu. Hakuna tukio lolote, pungufu ya kuanguka, litakalomfanya akubali kwamba Mungu hakupenda. Saa ya kugeuka ndiyo inshallah iliyoandikwa kwa tarakimu. Ni pale ambapo mpangaji anasema mapema: ikiwa hivi, nitasadiki kwamba leo si yangu.

Historia ya mapito yenyewe inaunga mkono. Kwenye pito la Great St Bernard kati ya Uswisi na Italia, mita 2,469, pana nyumba ya wageni iliyoanzishwa katikati ya karne ya 11 na kuhusishwa na Bernard wa Aosta. Watawa wake wamesali hapo kwa karne nyingi, na kwa karne hizo hizo wametoka kwenye theluji kutafuta waliopotea, wakifuga mbwa ambao sasa dunia nzima inawajua. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba koleo la theluji linapunguza sala. Kwa Wagĩkũyũ, Kirinyaga, yaani Mlima Kenya wenyewe, ni mahali anapotua Ngai, Mungu wao, na Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha 1938 ameeleza jinsi wazee walivyoandaa ibada ya kuomba mvua wakiuelekea mlima: nani aende, mnyama wa rangi gani, mambo yafuatane vipi. Anayedhani heshima kwa mahali patakatifu ni kwenda mikono mitupu bila utaratibu hajatazama ibada ya watu wowote.

Ndugu wa hoja ya mcha Mungu ni msemo kwamba ajali haina kinga. Sitakaa nao sana. Ajali zipo zisizo na kinga, jiwe linaweza kung'oka saa mbili asubuhi kwenye anga safi, na hakuna karatasi itakayolizuia. Lakini msemaji wa maneno hayo huvaa viatu, na hatembei ukingoni amefumba macho. Imani yake katika ajali huanza palepale uvivu wake unapoanza.

Hoja nzito ni ya mtu wa akili huru, na mwenye kuisema vizuri kuliko wote ni Aristotle. Kwake busara ya vitendo ni uwezo wa kuona jambo mahususi, hapa na sasa, na hakuna kanuni ya jumla inayoweza kuuziba mwanya huo. Yule wa jana alikuwa na ramani na makisio. Wa leo ana upepo usoni, anaona wingu liko umbali gani, anasikia pumzi za wenzake. Kumpa wa jana mamlaka ni kumtawaza kipofu juu ya mwenye macho. Tena inaweza kutokea kwamba makisio ya jana yalikuwa mabaya tu: tulidhani njia ni ndefu, kumbe ni fupi, tulihofia mvua, kumbe siku ni ya dhahabu. Kugeuka hapo ni ukaidi uliovaa nguo za nidhamu.

Naikubali sehemu kubwa ya hoja hii, na kwa kuikubali natoa marekebisho. Aristotle mwenyewe alisema kwamba kiasi ndicho kinachoihifadhi busara, kwa sababu raha na maumivu vina uwezo wa kuharibu hukumu zetu kuhusu tunachopaswa kutenda, ingawa haviharibu hukumu zetu kuhusu pembetatu. Mwenye macho anaona, naam, lakini anaona kwa kupendelea, na kupendelea huko kuna upande mmoja unaojulikana. Kwa hiyo sitasema kwamba mpango haubadilishwi mlimani. Nasema unabadilishwa kuelekea tahadhari tu. Wa leo ana ruhusa kamili ya kugeuka saa mbili asubuhi kama wingu limewahi, kama mwenzake anatapika na kichwa kinamgonga, hata kama hajisikii vizuri tu siku ile. Hana ruhusa ya kusogeza saa mbele. Mahakamani neno la mtu dhidi ya maslahi yake mwenyewe huaminiwa kirahisi kuliko neno linalomfaidi, na hapa ni vivyo hivyo: macho yanayosema hatari yanashuhudia dhidi ya tamaa yetu, kwa hiyo tuyaamini, macho yanayosema salama yanashuhudia upande wa tamaa, na ushahidi huo tayari umenunuliwa. Isitoshe, makosa mawili hayalingani kwa gharama. Aliyegeuka siku ambayo kumbe ingekuwa njema amepoteza mandhari, na pito litakuwepo Januari ijayo. Gharama hiyo ni ya kweli, hasa kwa aliyejinyima mwaka mzima apate nauli na ada ya hifadhi, na asije mtu akamwambia kwamba hakupoteza kitu. Amepoteza. Ila amepoteza kitu kinachoweza kurudi.

Atauliza msomaji makini: je, kama usalama uko mbele? Mtu ameumia goti karibu kabisa na pito, na kibanda cha karibu kiko ng'ambo; au mwamba uliopandwa alfajiri ukiwa mkavu sasa una barafu na hauteremkiki. Swali hili lina uzito wa pekee kwenye pito kuliko kileleni. Kileleni njia zote ni za kushuka, ila pito lina pande mbili, na upande wa pili daima huonekana mwepesi kwa kuwa bado haujatuchosha. Kutoka Hausburg mtu huviona viziwa viwili chini yake, na ni rahisi kusahau kwamba anayeshukia huko atapanda tena ukingo mwingine kabla ya kufika kambi ya Shipton, huku mizigo yake imelala Mackinder. Kipimo ninachopendekeza ni swali moja la kuulizana kwa sauti: tungekwenda huko hata kama hapangekuwa na pito la kuona? Jibu likiwa ndiyo, basi kwenda mbele ndiyo tahadhari, na mpango haukuvunjwa. Likiwa hapana, au likija na maelezo marefu, tugeuke.

Mpango wenyewe, nakiri, unaweza kuua. Oktoba 2014 kimbunga Hudhud kilitoka Ghuba ya Bengal kikapiga pwani ya India, na siku mbili baadaye mabaki yake yakamwaga theluji nzito Nepal, kwenye pito la Thorong La, mita 5,416, na maeneo jirani. Watu wasiopungua 43 walikufa, watembezi na wenyeji waliowahudumia. Ulikuwa msimu wa matembezi, na msimu una ratiba: leo kambi hii, kesho pito, keshokutwa basi, kisha ndege ambayo tiketi yake imekwisha kulipiwa. Ratiba ya namna hiyo humsukuma mtu mbele kwa nguvu ileile ambayo nimekuwa nikiipa mpango iwe ya kumrudisha nyuma. Je, hapo hoja yangu haijapinduka? Hapana, imebanwa tu mahali panapostahili. Orodha ya siku za kufika ni matakwa yaliyopangwa kwa tarehe. Inakuwa mpango pale inapoongezwa sentensi za kushindwa: wingu likiwa hivi tunakaa, mtu akiugua tunashuka, saa ikipita tunageuka, na siku moja tupu imeachwa kwa ajili hiyo. Karatasi nyingi zinazoitwa mipango ya safari hazina hata sentensi moja ya aina hii.

Wapo watakaosema kwamba nimeua mlima kwa ukarani. Kwamba mtu huenda huko ili atoroke saa na karatasi, na raha ya pito ni kutojua. Nawajibu kwa kisa kimoja. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walikuwa wafungwa wa vita wa Waingereza kwenye kambi iliyo karibu na Nanyuki, wakiutazama Mlima Kenya kila ulipojitoa mawinguni. Walijiwekea akiba ya chakula kidogo kidogo kwa miezi, wakajitengenezea vyuma vya kutembelea kwenye barafu kwa mabaki ya metali, na picha yao ya kutegemea ilitoka kwenye karatasi ya kopo la nyama. Januari wakatoroka. Barsotti alikuwa mgonjwa akabaki chini, Benuzzi na Balletto wakashindwa Batian, kisha wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985. Halafu wakatelemka na kurudi gerezani kwa miguu yao, kama walivyokusudia tangu mwanzo, wakapewa siku 28 za kifungo cha upweke, wakatumikia saba. Sioni watu waliokuwa huru kuliko wale, na uhuru wao wote ulikuwa umepangwa, pamoja na kurudi kwenye seng'enge.

Limebaki jambo ambalo waandishi wa falsafa ya milima, kwa kuwa wengi wao walikuwa mabwana waliobebewa mizigo, hulitaja kwa nadra. Aliyekubali saa ya kugeuka jana hakuikubali peke yake. Mpagazi, mpishi, mwongozaji, na jamaa walioko nyumbani wote walipanga siku yao juu ya ahadi hiyo, na kikosi cha uokoaji kitatoka usiku kwa sababu ya kuvunjwa kwake. Anayesogeza saa mbele anadhani anacheza na maisha yake. Kumbe ametia mkono kwenye ya wengine, ambao baadhi yao hawana nafasi ya kumkatalia kwa kuwa yeye ndiye anayewalipa. Katika Sura ya Al-Balad, kupanda njia ngumu ya mlimani kumefanywa mfano wa maadili, na inapoulizwa njia hiyo ni ipi, majibu yanayotajwa ni kumwacha huru mtumwa, kumlisha yatima au maskini siku ya njaa. Hakuna hata neno moja kuhusu kufika. Nasoma hapo kwamba ugumu wa kupanda hupimwa kwa hali ya waliobanwa kuliko sisi, na katika msafara wa Mlima Kenya mtu huyo mara nyingi ndiye aliyebeba sufuria.

Kwa hiyo, ninyi mnaokusudia Hausburg msimu ujao: usiku wa kuamkia safari, kabla ya kulala, andikeni saa ya kugeuka kwenye karatasi mbili. Moja ibebwe na yule mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote, akiwa na mamlaka ya kuitaja bila kuomba radhi. Nyingine mwachieni mpishi kambini, pamoja na majina yenu, njia mtakayopita, na saa ambayo asipowaona aende kutafuta msaada.